Mwisho wa Sinema Tuliopewa na Haboba

Harufu ya betri ya gari mnaijua? Si betri ya tochi. Nasema ile kubwa yenye maji makali, ikichajiwa mpaka inaanza kupumua, inanuka chuma na kitu kama ndimu iliyooza. Hapa Kabiro, mtaa wa Kawangware, chini ya chumba changu, kuna fundi wa pikipiki ambaye huchaji betri kutwa. Majirani humlalamikia kwamba anawaharibia kifua. Mimi sijawahi kumsema. Harufu ile ikipanda ngazi kunifikia, mate hunijaa mdomoni kama mtu aliyesikia nyama ikikaangwa. Ni harufu ya Jumapili mchana, Makina, Kibera, miaka ya sabini. Ni harufu ya sinema ya Kihindi.

Mimi niliishia darasa la nne, kwa hivyo msitafute mapambo hapa. Nitasema yalivyokuwa.

Tulipanga chumba kimoja cha udongo kwenye ploti ya mama mmoja Mnubi. Jina lake lilikuwa Zamzam, lakini watoto wote wa ploti tulimwita Haboba, yaani nyanya kwa lugha ya kwao. Tulikuwa watu watatu: Mama, mimi Nekesa, na mdogo wangu Nafula. Baba alikuwa ameanguka kutoka ghorofani kwenye mjengo mwaka uliotangulia. Tulimzika Bungoma, halafu tukarudi Nairobi, kwa sababu huko nyumbani hakuna mtu aliyetuambia tubaki. Mama alifua nguo za watu. Mimi nilikuwa na miaka kumi, Nafula mitano.

Haboba alikuwa na televisheni. Ilikuwa ndogo, ya picha nyeusi na nyeupe, nayo wiki nzima ilifunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi arusi. Umeme haukuwa umefika upande wetu, basi televisheni ilikula betri ya gari, na betri ilipelekwa kuchajiwa kila Jumamosi kwa mkokoteni. Jumapili mchana ndipo sinema ya Kihindi ilipoonyeshwa. Tiketi ilikuwa debe moja la maji kutoka bombani, limejaa mpaka shingoni. Ukimwaga njiani, rudi. Nafula hangeweza kubeba debe, kwa hivyo nilibeba mawili, safari mbili, la kwangu na la kwake, yeye akinifuata nyuma akishika pindo la rinda langu. Haboba alikuwa akichungulia ndani ya debe kama daktari anayechungulia koo la mgonjwa.

"Hili limepungua," alisema. "Wewe leo utatazama kwa jicho moja."

Na kuna mtoto mmoja aliyekaa sinema nzima amefunika jicho kwa kiganja. Haboba hakuwa mtu wa kuuliza mara mbili, na sisi hatukuwa watu wa kujaribu.

Ndani kulinuka udi, mafuta ya nazi, na ile betri. Tuliketi mkekani magoti yakigusana. Yeye alikaa kitandani akisuka tabaga, ule ufuniko wa chakula ambao wanawake wa Kinubi husuka kwa nyuzi za rangi kali. Alipokuwa msichana alishona blauzi za wanawake wa Kihindi kule Bazaar, kwa hivyo lugha yao aliijua. Au alisema anaijua; nani kati yetu angempima? Alitufasiria kwa sauti kubwa kuliko ya televisheni yenyewe, akichanganya na matusi yake.

"Sasa huyu anamwambia mamake, nisamehe. Mjinga! Jana ulikuwa wapi? Huyu mwenye masharubu ni mwizi, msimwamini hata akicheka. Wewe dada, usifungue mlango! Haya, amefungua. Asiyesikia la mkuu."

Hata rangi alitupa yeye. Sisi tuliona kijivu na kijivu kingine. Haboba alisema, "Sari yake ni ya kijani kama majani ya mgomba," nasi tukaona kijani. Miaka mingi baadaye nilikumbuka kitu: rangi ya sari siku zote ilikuwa rangi ya uzi uliokuwa mkononi mwake.

Wahindi tuliowajua sisi walikuwa wa dukani. Mtu anakupimia sukari, anakufukuza mlangoni usimzuilie mwanga. Hatukujua kwamba wana machozi. Kwenye ile televisheni ndipo tulipoona kijana mkubwa mwenye bastola akiinama kugusa miguu ya mamake kabla ya kutoka nyumbani. Tuliona mke akipakwa unga mwekundu kwenye mstari wa nywele, na mume akifa, wanawake wakimfuta unga ule na kumvunjia bangili zake, vipande vikitapakaa sakafuni, na kuanzia hapo ni sari nyeupe mpaka kaburini, ingawa kaburi nalo hawana, wanachoma. Tuliona bibi arusi akiondoka kwao, akitupa mchele nyuma bila kugeuka, baba mtu akilia kama mtoto. Na nyimbo! Mtu akipenda, wimbo. Akifiwa, wimbo. Mvua ikinyesha, wimbo, tena ndipo wanatoka nje kulowa. Mama alipotusikia tukisimulia aliuliza, "Hao watu hawana kazi?" Lakini yeye mwenyewe alikuwa akiimba akifua.

Sasa sikilizeni kuhusu betri. Sinema ya Kihindi ni ndefu kuliko ibada ya Pasaka, na betri ya Haboba haikuwahi kufika mwisho. Palepale mambo yanapoiva, picha ilianza kusinyaa kutoka pembeni kama sweta iliyofuliwa kwa maji moto. Watu wakawa wafupi, halafu wakawa mstari, halafu nukta moja nyeupe katikati ya kioo, halafu hakuna. Hakuna aliyelalamika. Haboba aliweka tabaga chini, akajifuta mikono, akatusimulia mwisho kwa mdomo. Na mwisho wa Haboba ulikuwa mmoja. Walipatana. Mama na mwana waliopoteana kwenye moto, walipatana. Mapacha walioibiwa, mmoja akawa polisi mwingine mwizi, walipatana. Kisha aliinua kidole.

"Milima haikutani..."

"Lakini binadamu hukutana!" tulipiga kelele, na hapo ndipo tuliporuhusiwa kwenda nyumbani.

Basi ikaja Jumapili ya sinema ya dada wawili. Kabla haijaanza Haboba alisema, "Hii niliiona mjini zamani na marehemu mume wangu. Tulitoka tukilia." Sisi tukafurahi, kilio kilikuwa ndio utamu wenyewe.

Dada wawili wanavaa bangili za kioo za kufanana. Mafuriko yanakuja, mto unameza kijiji, mdogo anachukuliwa na maji na kuokotwa na watu wengine. Kuna wimbo ambao mama yao aliwaimbia wakiwa wachanga, mkubwa anaimba mstari, mdogo anajibu mstari. Mkubwa anazunguka nchi nzima akiuimba. Mwishowe anafika penye mto mkubwa, siku ya sikukuu, watu wengi kama siafu, wanaweka taa ndogondogo majini. Anasimama kwenye ngazi, anafungua mdomo, anaanza kuimba. Na betri ikafa.

Nafula alilia. Hakuwa mtoto wa kulia ovyo, lakini ile nukta nyeupe ilipozimika alilia mpaka akashikwa na kwikwi. Haboba alimtazama kwa muda mrefu, si kawaida yake, kisha akasimulia. "Mkubwa aliimba mstari wake. Watu wakanyamaza. Na kutoka katikati ya umati, sauti ikajibu. Mdogo akatoka mbio, bangili zikagongana, wakakumbatiana mpaka taa zote za mtoni zikapita." Alipomaliza, alivua bangili mbili za kioo kutoka mkono wake mwenyewe, za kijani, akampa kila mmoja wetu moja. Zilikuwa kubwa kwetu. Tulizishikia kwapani zisianguke. Wengine walitamani kulia nao wapewe.

Niliona ni mapenzi tu. Siku mbili kabla nilikuwa nimemwona Mama na Haboba wakinong'ona penye kamba ya nguo, Mama ameficha uso kwenye shuka lililolowa. Sikuunganisha. Mtoto haunganishi.

Jumapili iliyofuata hatukwenda sinema. Alikuja mwanamke kutoka kanisani kwa Mama, na mumewe. Hawakuwa na mtoto, na mume alikuwa amehamishwa kikazi kwenda Eldoret. Walileta mkate na majani chai. Mama alikuwa amemwosha Nafula na kumpaka mafuta mpaka anang'aa, na ndipo nilipoelewa, kwa sababu mimi hakunipaka.

"Atasoma," Mama aliniambia, bila kunitazama. "Atakunywa maziwa. Wewe unataka alale njaa ili ufurahi?"

Walipomshika mkono, Nafula alirukia rinda langu. Alikamata kwa vidole vyote kumi na akapiga ukelele uliowatoa watu vyumbani. Yule mwanamke aliwahi kushindwa na mtoto mwingine kabla ya hapo, wa ndugu yake, aliyelia wiki mbili mpaka akarudishwa. Aliacha mkono. Nakumbuka maneno yake kama jana. "Mama Nekesa, mtoto akilia hivi simchukui. Mtoto wa kulia hakai. Tuachane tu kwa amani."

Na Mama, nawaapia, Mama alishusha mabega. Uso wake ulilegea kama mtu aliyetuliwa mzigo. Kama Nafula angelia dakika tano zaidi, wangeondoka na mkate wao.

Mimi ndiye niliyemnyamazisha.

Niliona aibu, ploti nzima inatutazama. Tena nilikuwa mtoto mkubwa, mwenye akili, ndivyo walivyonisifu. Nikachuchumaa nikamwambia sikioni, "Nafula, wacha kulia. Si uliona kwenye sinema? Hawa ni kama wale waliomwokota mtoni. Unaenda, unakuwa mkubwa, halafu mimi nakutafuta. Mimi nitaimba wangu, wewe utajibu wako. Si Haboba alisema?"

"Utaimba wapi?" akaniuliza kwa kwikwi.

"Kila mahali."

Akafikiri. Nilifungua vidole vyake kimoja kimoja, naye aliniachia. Alipandisha bangili mpaka kwapani, akampa yule mwanamke mkono, akaenda kimya kabisa bila kugeuka, kama wale mabibi arusi wa televisheni. Watu walisema, mtoto mzuri huyo, ana adabu.

Barua zilikuja mbili. Kisha hakuna. Mama alipopata nauli tulikwenda Eldoret, tukakuta kwenye ile nyumba watu wengine wanaanika mahindi. Jirani alisema wamehama, labda Kitale, labda Uganda. Mama hakumtaja Nafula tena mpaka anakufa. Akikata roho ndipo alimtaja, na hakunitaja mimi.

Nami nikaimba. Niliolewa, nikahamia Kawangware, nikapata meza ya mboga sokoni, na kila siku ya Mungu niliuimba ule wimbo, mstari wa mkubwa, halafu natulia kidogo, nangoja, naendelea kufunga sukuma. Sitauandika hapa kwa sababu sijui maana ya hata neno moja. Wenzangu sokoni waliniita Mama Muhindi. "Mama Muhindi, leo umekosa kitunguu ama umekosa bwana?" Niliwaacha wacheke. Nilikuwa na hesabu yangu: Nairobi ni mto mkubwa, kila mtu wa nchi hii lazima siku moja apitie hapa. Nilipopata mjukuu nilimpa jina la Nafula. Bangili yangu iko kwenye mkebe wa majani chai. Mkono wangu ulinenepa ikakataa kuingia hata kabla sijaolewa, lakini haijavunjika. Kioo hiki kimedumu kuliko watu niliowajua.

Mwaka jana nilikuwa nachambua managu mlangoni, naimba. Binti yangu Sharon, kitinda mimba, alikuwa ametoka kazini mapema. Ni msusi mtaani Gatina. Huyo mjukuu Nafula ni wake, ana miaka mitano.

"Mathe, hiyo ngoma yako ya kila siku huwa ya nani?"

"Ya Wahindi."

"Imba tena, wacha simu iskie."

Nilimwona mpumbavu. Lakini aliniwekea simu karibu na mdomo, nikaimba mstari wangu, na ile simu ikafikiri kidogo ikatoa majina ya nyimbo, kila jina na wimbo wake. La kwanza silo. La pili silo. La tatu nikaangusha mboga. Zaidi ya miaka arobaini na mitano nimeimba kwa watu, na simu ndiyo iliyojibu. Sharon akatafuta, akapata sinema yenyewe, nzima.

Tuliitazama mchana wa siku mbili, kwa sababu bundles za intaneti hazikutosha. Ilikuwa ya rangi. Cha kwanza nilichoona ni bangili: nyekundu. Hazikuwa na kijani hata chembe. Nilicheka peke yangu, nikasema, Haboba wewe. Mafuriko yakaja, mdogo akachukuliwa, mkubwa akazunguka. Tukafika kwenye ule mto, zile ngazi, zile taa. Nikajua ni hapa. Hapa ndipo betri ilipokufa.

Dada mkubwa anaimba. Watu wananyamaza, hapo Haboba alisema kweli. Mdogo yupo kwenye umati, amevaa dhahabu, yuko na mume na mama mkwe. Anausikia wimbo. Anasimama. Unaona shingo yake, anameza mate. Anajua. Mama mkwe anamwita. Naye anavuta sari kufunika uso, anaifunika bangili kwa mkono wa pili, anapanda ngazi, anaenda. Dada anaimba mpaka watu wanaisha, mpaka wafagiaji wanakuja. Basi.

"Ai! Imeisha tu hivyo?" Sharon akasema. "Movie za kitambo zilikuwa na roho mbaya."

"Zima," nikamwambia.

Nimelifikiria jambo lile sana. Wahindi hawakunidanganya. Sinema yao ilisema walivyo: binti akishatolewa kwa nyumba nyingine ni wa nyumba ile, akigeuka nyuma anaaibisha pande zote mbili. Na sisi Wabukusu tuna tofauti gani? Aliyenidanganya alikuwa chumbani mwetu, ameshika uzi wa kijani. Lakini nikimhukumu Haboba, nimhukumu kwa lipi? Alijua mtoto anatolewa. Alikuwa na betri iliyokufa na mtoto anayelia, akatoa alichokuwa nacho. Yeye alitoa mwisho ule kwa huruma. Mimi ndiye niliyeuchukua nikaufanya koleo la kufungulia vidole vya mtoto. Na wanawake wote waliopita mezani kwangu, wakasimama kidogo, wakavuta leso, wakaenda bila kununua, sasa nawahesabu mmoja mmoja.

Nimeacha kuimba. Sokoni waliuliza siku mbili, wakazoea.

Mwezi uliopita Sharon aliondoka kwenda Saudia kufanya kazi za nyumba. Miaka miwili, wanasema. Gari la ajenti lilikuja mchana. Mjukuu wangu alimrukia mamake akakamata nguo kwa vidole kumi. Sharon alinigeukia, macho mekundu. "Mathe, mwambie kitu. Wewe unajua kuongea na watoto."

Nilikuwa nacho cha kumwambia. Kilikuwa kimekaa kwenye ulimi, kitamu vilevile. Nilichuchumaa, magoti yakalia, nikamwambia sikioni, "Lia. Lia kwa nguvu zako zote, mjukuu wangu. Usimsikilize mtu."

Alilia mpaka fundi wa chini akazima mashine. Majirani wote walitoka. Sharon mwenyewe alifungua vile vidole, akaingia garini, na gari likaenda. Kumbe hata kulia hakuzuii kitu. Labda na yule mwingine angeenda tu. Watu wananiambia nijifariji na hilo. Nimejaribu.

Mtoto alipochoka alikuja kuketi kwenye miguu yangu, sauti imemkauka. Chini fundi alikuwa amewasha tena, harufu ya betri inapanda.

"Kukhu, Mama atarudi?"

"Sijui," nikasema.

Aliinua uso akanitazama, akingoja niendelee.